Jumapili ya Nkoaranga: Mlima, Misa na Mbingu

Ukitaka kuijua Nkoaranga, nenda Jumapili, na uwahi kabla mawingu hayajaufunika Mlima Meru. Daladala za Usa River huanza kupakia Arusha mapema asubuhi. Zikishaiacha mitaa ya mjini hushika barabara kuu ya Moshi, na kwa kilomita 20 hivi mlima unakuwa upande wako wa kushoto, mara umesimama mzima, mara umejificha nyuma ya miti. Utapita Tengeru, penye soko linalofurika watu Jumatano na Jumamosi, ambalo Jumapili hutulia. Utapita Makumira, penye chuo kikuu cha Walutheri. Njia za kwenda Nkoaranga huchepuka kushoto, kaskazini mwa barabara, na kuanzia hapo ni kupanda tu.

Bodaboda zipo, lakini mwenye miguu mizima na atembee. Migomba inakusogelea kutoka pande zote mbili, na chini ya migomba kuna kahawa, na juu ya kahawa kuna miparachichi na migrivea inayoikinga na jua. Huu ndio ukulima wa Wameru: mazao matatu au manne yameshirikiana kipande kimoja cha ardhi, na nyumba imekaa katikati yake. Maji ya mfereji yanapita kando ya njia, baridi, yakiwa na haraka ya kushuka. Watoto wanakupa shikamoo hata kama hawakujui. Wazee wanakuuliza umetoka wapi, unakwenda kwa nani, na kama umekula. Asubuhi isiyo na mawingu, geuka mashariki: Kilimanjaro iko kule, nyeupe kichwani, mita 5,895. Na mbele yako, juu ya vilele vya migomba, Meru yenyewe, mita 4,566, imelivua blanketi la usiku kwa muda mfupi tu.

Mimi ni Mkatoliki, na Nkoaranga ni nchi ya Walutheri. Hilo nitalieleza. Lakini ni kwenye mteremko huu nilipoelewa jambo ambalo katekista alinifundisha utotoni nikalikariri bila kulishika: kwamba Misa tunayoadhimisha hapa chini ni kushiriki ibada ambayo tayari inaendelea mbinguni. Nililielewa kwa macho, kwa masikio na kwa miguu, na ndiyo maana naandika juu ya mahali hapa.

Misa ya bondeni

Kabla ya kupanda, mimi huanza na Misa ya asubuhi kule chini, Usa River. Mji huu umekusanya watu. Wamo Wameru na Waarusha wenye nchi, Wachaga waliovuka kutoka upande wa Kilimanjaro, na watu wa mikoa mingine waliofuata kazi za mashamba ya kahawa na ya maua. Jumapili wote hao wanajibana kwenye benchi moja. Akina mama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wako na vitenge vyao vya sare. Watoto wa Utoto Mtakatifu wanatangulia maandamano wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, mikono ikipanda na kushuka pamoja. Kayamba inatangulia, ngoma inajibu, kinanda kinafuata. Wakati wa matoleo, pamoja na mkate na divai, vinapelekwa mkungu wa ndizi, mayai, unga, pengine na kuku anayelalamika njia nzima.

Kisha linakuja lile tukio ambalo waamini wengi tunalipita bila kulitazama. Padre anaimba Prefasio, na mwisho wake anatualika tuunganishe sauti zetu na za malaika na malaika wakuu, na majeshi yote ya mbinguni. Kwaya inaipokea, kanisa zima linatamka neno la utakatifu mara tatu. Wimbo huo hatukuutunga sisi. Nabii Isaya aliusikia hekaluni Yerusalemu, mwaka aliokufa mfalme Uzia, maserafi wakiuimba wao kwa wao. Mtume Yohane aliusikia tena kisiwani Patmo: viumbe wanne wenye uhai wakiuimba mchana na usiku bila kupumzika, wazee 24 wakisujudu na kuzitupa taji zao mbele ya kiti cha enzi. Aliona pia bakuli za dhahabu zilizojaa ubani, ambao ni sala za watakatifu.

Angalia basi mambo yalivyo kanisani. Ubani upo. Altare ipo. Mavazi meupe yapo. Mishumaa ipo. Mwanakondoo anatajwa, na tunapiga magoti. Kanisa halikupamba Misa hivyo kwa kupenda fahari. Limepokea mpangilio wa ibada ile ya juu na kuutekeleza kwa vitu vya duniani. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano waliliweka wazi katika hati yao ya kwanza, Sacrosanctum Concilium, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Fungu la nane linafundisha kwamba katika liturujia ya hapa duniani tunaonja mapema liturujia ya mbinguni, ile inayoadhimishwa katika mji mtakatifu wa Yerusalemu, ambako sisi ni wasafiri tunaoelekea, na ambako Kristo ameketi kuume kwa Mungu. Laurean Kardinali Rugambwa wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati zetu, alikuwa miongoni mwa mababa wa Mtaguso huo. Na mwaka uleule wa 1963, tarehe 1 Machi, Jimbo la Arusha lilizaliwa, likimpata Askofu Dennis Durning wa Shirika la Roho Mtakatifu kuwa mchungaji wake wa kwanza. Jimbo letu na fundisho hilo ni ya rika moja.

Mlima na mfano wake

Misa ikiisha napanda. Kupanda baada ya Misa ni sehemu ya sala, na Maandiko yenyewe yananiunga mkono. Musa alipoagizwa kujenga hema la kukutania, aliambiwa avifanye vitu vyote kwa mfano aliouonyeshwa mlimani. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania analishika neno hilo na kusema kwamba ibada ya makuhani wa kale ilikuwa kivuli cha mambo ya mbinguni. Halafu, katika sura ya 12, anaweka milima miwili mbele yetu. Mmoja ni ule wa moto, giza na tufani, ambao watu waliuogopa hata wakaomba wasisemewe tena. Wa pili ni Sayuni, mji wa Mungu aliye hai, wenye maelfu ya malaika walio katika sherehe, na roho za wenye haki waliokamilishwa. Jambo la kushangaza ni kwamba hasemi tutaufikia. Anawaambia Wakristo wale waliochoka na kukata tamaa kwamba wameshaufikia.

Meru nayo inaijua milima yote miwili. Huu ni mlima wa moto. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka kwa kishindo, ukaacha ukuta mkubwa wenye umbo la kwato, na ndani yake kilima cha majivu kilichoinuka baadaye. Ulilipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Na ni moto huohuo uliowapa Wameru udongo huu usiochoka kuzaa. Anayetazama juu kutoka Nkoaranga anaona msitu, na juu ya msitu mwamba, na juu ya mwamba wingu, na katika wingu ndimo yanamotoka maji yote haya.

Hapo ndipo mfereji uliponifunza. Mfereji hauna maji yake wenyewe. Anayeuchimba hatengenezi maji. Anayafungulia njia ili yaliyoko juu yafike kwenye mgomba wake. Asipouzibua, maji hayakomi mlimani; shamba lake tu ndilo linalokauka. Misa ni hivyo. Padre na waamini hatuanzishi sifa ya Mungu tunapoingia kanisani, wala haikomi tunapotoka. Sifa ipo, Kristo Kuhani Mkuu anaiongoza milele mbele ya Baba, na sisi kwa mkate na divai na sauti zetu tunaiingia. Ndiyo maana Misa ya siku ya kazi yenye bibi wawili na mtumikiaji mmoja haipungukiwi kitu. Waliohudhuria ni wengi kuliko wanaoonekana.

Kengele za jirani

Unapoikaribia Nkoaranga yenyewe, utasikia uimbaji wa kwaya nyingine. Hapa ndipo mizizi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri kwa Wameru ilipo, na historia yake ina machungu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Kilutheri ya Leipzig, Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, jirani na hapa, na usiku wa kuamkia tarehe 20 wakauawa. Kisasi cha serikali ya Kijerumani kilikuwa kikali: watu wakauawa, mifugo ikachukuliwa, mashamba yakaharibiwa. Tarehe 2 Machi 1900, kule Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, pamoja na viongozi wengine, wakiwamo wa Meru na wa Arusha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1902, wamisionari wa Leipzig walirudi na kufungua kituo Nkoaranga. Wameru, waliokuwa na kila sababu ya kuifunga milango, wakaisikiliza Injili kwa masikio yao wenyewe na kuifanya yao.

Mkatoliki afikirie nini juu ya wafu hawa wote? Yohane aliona chini ya altare ya mbinguni roho za waliochinjwa kwa ajili ya neno la Mungu, wakilia haki itendeke lini. Altare ile ina kumbukumbu, na haichagui kabila. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI alipowatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, aliwataja kwa heshima pia Waanglikana waliouawa kwa ajili ya jina la Kristo. Nami nikisimama Akeri nawaombea wote: vijana wawili waliokufa mbali na kwao, na Wameru waliouawa nyumbani kwao wakiilinda nchi yao. Katika Misa hakuna Sala ya Ekaristi isiyowakumbuka marehemu, na tunawaombea hata wale ambao imani yao Mungu peke yake anaijua. Mbinguni hesabu ya damu haijapotea.

Na uimbaji ule wa Walutheri, Jumapili wanapokuwa na Chakula cha Bwana, unafika nao mahali palepale: neno la utakatifu mara tatu, pamoja na malaika. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, jambo lililowagawa tangu karne ya 16. Meza moja bado hatujaifikia, na uchungu huo ni wa kweli, hasa katika familia za huku ambamo mume anaelekea kanisa moja na mke lingine. Lakini kiti cha enzi wanachokisujudia ni kimoja. Mimi nikiupokea wimbo ule kimoyomoyo njiani, nikiwa nimetoka kuuimba bondeni, siwezi kuamini kwamba huko juu unasikika kama nyimbo mbili.

Wodi na vitanda

Nkoaranga ina hospitali ya Kilutheri, na karibu nayo kituo cha kulelea watoto wachanga walioondokewa na mama zao. Usipite bila kupatazama. Jumapili jioni ndugu wanapanda na vyombo vya chakula vilivyofungwa kwenye khanga, wauguzi wanabadilishana zamu, mtoto analia na mwingine ananyamazishwa.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba unabii utabatilika, lugha zitakoma, na maarifa yatapita, ila upendo haupungui kamwe. Kanisa linafundisha vilevile juu ya ishara za liturujia. Mkate, divai, maji, mafuta, ubani, hata majengo yetu, vyote ni vya safari. Yohane alipoutazama mji mtakatifu hakuona hekalu ndani yake, kwa kuwa Mungu mwenyewe na Mwanakondoo ndio hekalu lake. Siku ile hakutakuwa na sakramenti, kwa sababu tutamwona uso kwa uso yule tunayempokea sasa chini ya maumbo. Basi ukiuliza ni kitu gani cha ibada yetu kitakachovuka kikiwa kilekile, jibu ni upendo. Muuguzi anayemgeuza mgonjwa usiku wa manane, na mlezi anayempakata mtoto asiye wake, wanafanya sehemu ile ya ibada isiyohitaji kubadilishwa mbinguni. Misa isiyotufikisha kwenye vitanda vile tumeihudhuria nusu.

Walioimba ugenini

Wakati wa kurudi, shuka Tengeru. Ndani ya eneo la chuo cha mifugo kuna makaburi yapatayo 150 ya Wapolandi. Kuanzia mwaka 1940 watu hawa walitolewa makwao na utawala wa Kisovyeti wakapelekwa Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 wengi wakatoka kupitia Iran, na baadhi wakavushwa bahari hadi Afrika Mashariki. Tengeru iliwapokea watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakakaa katika vibanda vya duara chini ya mlima huu kwa takriban miaka kumi. Walijenga shule, wakajenga kanisa lao Katoliki. Kambini kulikuwa pia na kanisa la Waorthodoksi na sinagogi.

Fikiria Misa zao. Walikuwa wamepoteza nchi, nyumba, na mara nyingi baba na kaka. Lakini Misa waliyoiadhimisha Tengeru ilikuwa ileile ya kwao, kwa Kilatini kilekile, na ndiyo hiyohiyo iliyoadhimishwa kule Kilema na Kibosho, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameitangaza Injili kwa Wachaga tangu miaka ya 1890. Mpolandi na Mchaga wasingeelewana sokoni, lakini mbele ya altare walijibu kwa neno moja. Kwa mtu aliyenyang'anywa kila kitu, kujua kwamba ibada yake ina makao mbinguni, kwamba hakuna jeshi linaloweza kuihamisha, ni chakula cha kweli.

Kilatini kile kilikuwa zawadi, na kilichofuata nacho ni zawadi. Mwaka 1959, kabla ya Mtaguso, Padre Stefano Mbunga, mwana wa kusini mwa nchi hii, alikuwa ameshatunga Misa Baba Yetu kwa Kiswahili na kwa mahadhi ya Kiafrika. Baada ya Mtaguso lugha zetu zikaingia altareni zikiwa na haki kamili. Yohane aliona umati usioweza kuhesabiwa, wa kila taifa na kabila na jamaa na lugha, umesimama mbele ya Mwanakondoo. Hakuona umati uliosahau lugha zake. Kama kabila linaonekana huko juu, na lugha inasikika, basi kayamba ya Usa River inaenda mahali panapoifahamu.

Kinachobebwa kwenda juu

Wapo wanaosema kwamba anayeifikiria mbingu sana huidharau dunia. Waje Nkoaranga. Kitabu kilekile cha Ufunuo kinasema kwamba milango ya mji mtakatifu haitafungwa, na kwamba utukufu na heshima ya mataifa vitaletwa ndani yake. Kwa hiyo kuna vitu vya huku vitakavyoingia, vikiwa vimetakaswa. Sisemi navijua vyote. Lakini ninapoketi kwa mwenyeji na kupewa bakuli la loshoro, mahindi na maziwa mgando, na mwenyeji akainamisha kichwa kushukuru kabla hajaonja, naona ni kwa nini Kristo alichagua karamu iwe sura ya ufalme wake. Mkungu uliopelekwa na matoleo asubuhi ulikatwa katika shamba kama hili. Mtu aliupalilia, mlima ukaunywesha, Kanisa likaupokea, na pengine jioni hii unapikwa kwa mgonjwa. Katika Misa kazi yote hiyo ya udongo na mikono inaunganishwa na sadaka ya Kristo na kupandishwa kwa Baba. Anayeamini hivyo hawezi kuuacha mfereji uzibe wala msitu ukatwe ovyo, maana vinavyoliwa hapa na vinavyotolewa kule ni vilevile.

Basi nenda. Panda daladala mapema, shuka Usa River, sali Misa pamoja na wenyeji, na ukifika kwenye wimbo ule wa Mtakatifu uinue sauti yako bila aibu. Vaa viatu vya kupandia, chukua na koti, maana baridi ya mlimani haina mzaha. Wasalimie wazee. Ukialikwa chakula, usikatae. Fika Nkoaranga, uwatembelee wagonjwa kwa saa zinazoruhusiwa, na usiende mikono mitupu. Ukishuka, simama Tengeru uwaombee waliolala ugenini. Ukifanya hivyo utakuwa umeipitia Misa yote kwa miguu: umekusanyika, umesikia, umetoa, umekula, umetumwa. Na nakuhakikishia kwamba wanaoimba mbele ya kiti cha enzi hawakukuhesabu mgeni. Kutoka Nkoaranga hadi kwao hakuna umbali anaoushindwa mtu anayesali.